Tangazo la Tatu

Shuleni, Milima ya Taita
Jumapili, 11 Machi 1956

Dada yangu Lois,

Leo ni tarehe kumi na moja Machi, na kabla sijachovya kalamu nimeahidi mbele za Mungu kwamba nitakuambia kila kitu, hata yale yatakayokuudhi. Lakini kwanza, hujambo? Shemeji Kimeu hajambo? Joto la Voi bado linakusumbua, au umeshalizoea? Mimi ni mzima, isipokuwa vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Ukungu umeshuka tangu alfajiri, na kutoka dirisha la bweni siioni hata kengele ya shule. Nyanya hajambo, goti lake ni lile lile. Baba hajambo kwa mwili.

Labda hukuutambua mwandiko huu. Ulipoondoka nilikuwa na miaka kumi na mmoja na niliandika kwa penseli. Sasa nina kumi na minne. Anwani yako nimeipata kwa dereva wa lori la mboga, yule anayemfahamu Kimeu pale stesheni. Aliniandikia kwenye kipande cha mfuko wa unga.

Dada, nimekukumbuka. Mama alipofariki mimi sikuwa na akili ya kumjua, kwa hiyo nikisema "mama" moyoni, ninaiona sura yako. Wewe ndiye uliyenifundisha kuweka majani juu ya maji ya debe ili yasimwagike njiani. Bado naweka majani. Wasichana wa hapa hunicheka, halafu wao hufika na nusu debe.

Sasa nikuambie lile lililonifanya niandike. Krismasi nilipata kipaimara, nikabaki ndani ya kanisa kwa mara ya kwanza wakati wa Meza ya Bwana. Zamani watoto tulitolewa nje, kwa hiyo sikujua. Baba ni mzee wa kanisa. Yeye ndiye anayepanga mabenchi, na ndiye anayesoma matangazo. Lakini mkate ulipoandaliwa, alisimama polepole akatoka kwa mlango wa pembeni, kama mtu anayekwenda kuangalia mbuzi. Nilidhani ni siku hiyo tu. Januari akatoka tena. Februari nilipewa ruhusa ya kwenda nyumbani kumwona Nyanya, na nikamwona akitoka vile vile. Nikamwuliza Nyanya. Akasema, "Tangu Jumapili ya tangazo la tatu, babako hajaugusa mkate ule."

Wewe hukuwepo siku hiyo, kwa hiyo acha nikusimulie. Alikuwa amelisoma tangazo la ndoa yako na Mwalimu Fanuel Jumapili mbili, kwa sauti yake mwenyewe. Jumamosi wewe ukaondoka na lori. Jumapili kanisa zima lilikuwa linajua, naye alijua, lakini akasimama na ile karatasi. Akasoma habari za mkutano wa akina mama. Akasoma habari za kufyeka makaburini. Halafu akafika kwenye jina lako. Akanyamaza. Mtu mmoja akakohoa. Akaikunja karatasi mara nne, akaketi.

Tangu hapo hajakutaja. Akilazimika, husema "aliyeko Voi".

Nadhani hawezi kuikaribia Meza akiwa na neno moyoni juu ya mtoto wake, na hataki kujifanya. Anazeeka, Dada, na kila mwezi husimama nje peke yake akisikiliza wenzake wakiimba. Nataka yeye arudi ndani, na nataka wewe urudi nyumbani. Sijui lipi litatangulia. Wewe unajua?

Mimi mdogo wako,
Priscilla


Nyumba za Reli, Voi
Jumanne, 27 Machi 1956

Mdogo wangu Priscilla,

Barua yako imefika ikiwa safi, kwa sababu Kimeu aliileta ndani ya kofia ili isishike grisi. Sisi ni wazima. Joto sijalizoea. Hapa maji ya bomba hutoka yakiwa moto bila kuni, na vumbi jekundu linaingia hata kwenye chumvi. Kimeu hufanya kazi ya kugeuza njia za treni, na akinikuta nimesimama mlangoni nikiitazama milima huniuliza, "Umeuona ukungu wenu, au umeshaliwa wote?" Ni mtu mwema. Anasali kuliko mimi. Tuliandikishwa ndoa kwa D.C., mkuu wa wilaya, na mwaka uliofuata tukabarikiwa katika kanisa lao.

Nilisoma barua yako mara nne. Habari ya Baba na mlango wa pembeni sikuijua. Nilijua tu kwamba amekasirika.

Na wewe sasa umekuwa mtu wa kuambiwa mambo. Nimebeba mimba mara mbili, na mara mbili imetoka. Ya kwanza ilikuwa ya miezi mitatu. Ya pili ilikuwa ya mitano, na ilikuwa mtoto wa kiume. Mama mkwe wangu Mbula alikuja kutoka Ukambani kunitunza. Siku moja akaniuliza, bila ubaya, huku akichambua kunde, "Kwenu kuna aliyekununia?" Nikalia, kwa sababu unajua sisi tunavyoamini, kwamba kinyongo cha mzazi humdhuru mtoto. Sasa nimefika tena mwezi wa tano, na kila asubuhi naogopa kuamka.

Unamkumbuka Babu? Ulikuwa mdogo sana. Mtu wa nyumba yake akiugua, Babu alikuwa akijiuliza kama yeye mwenyewe ana hasira naye. Akiiona, alikuwa anachukua kibuyu, anatia maji au pombe ya miwa kinywani, anaipuliza nje kama mvua nyembamba, na anasema wazi kwamba kila kilichokuwa moyoni kitoke, mtoto apone. Kutasa. Mimi nilipenda kusimama karibu ili matone yanipate. Yalikuwa baridi, na baada yake Babu alikuwa anaonekana mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Najua Baba aliacha hayo alipobatizwa. Lakini nimekosa pa kwenda. Mwombe atase mara moja tu, kwa maji matupu, wala asiseme kwa mtu. Mwambie nina mimba. Mwambie naogopa.

Ndimi dada yako,
Lois


Nyumbani, Mwanda
Jumapili, 22 Aprili 1956

Dada Lois,

Unaendeleaje na huo mzigo? Unakula? Nyanya anasema ule mbaazi kwa wingi na usiinue debe. Sisi huku tumejaliwa mvua. Mfereji umejaa, na mahindi ya Baba yananifika kiunoni. Pasaka ilipita vizuri, ila Baba alitoka nje hata siku hiyo.

Niliahidi kukuambia yote, basi nakuambia. Nilingoja mpaka nikamkuta anazibua mfereji.

"Baba," nikasema, "aliyeko Voi ameandika."

"Amemwandikia nani?"

"Mimi."

"Basi mjibu. Nilikupeleka shule ujue kuandika."

Nikamsomea barua yako. Ulipotaja yule mtoto wa kiume, aliweka jembe chini, akaketi ukingoni, miguu ndani ya maji. Nikafika kwenye kutasa. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Anadhani ninamdhuru?"

"Hapana, Baba. Anadhani una hasira."

"Ninayo," akasema. "Nani alimwambia sina? Lakini niliyaacha maji yale nilipoingia maji ya ubatizo. Nikiyarudia leo kwa kuwa nimeagizwa kama dawa ya dukani, nitakuwa nimemdanganya yeye na Mungu pamoja. Nitapuliza maji, na hasira itabaki pale pale."

Nyanya alikuwa ameketi juu kidogo, anachuma mboga. Akasema, "Ungetasa tu, mwanangu, ukaendelea kulima."

"Mama, mimi ni mzee wa kanisa."

"Ndiyo. Mzee wa kanisa wa nje ya kanisa."

Nilifikiri atakasirika. Aliosha tu jembe lake, akasema maneno haya, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Watu wanafikiri ni mambo ya mbuzi wa mahari. Wengine wanafikiri ni kwa kuwa yule kijana ni Mkamba. Nilimwuliza aliyeko Voi mbele ya mama yangu, hapo jikoni: umekubali? Angesema hapana, nisingesoma karatasi ile. Anataka nitoe neno ambalo yeye hajaniuliza hata siku moja kama linaniuma."

Halafu akaenda kumpa jirani zamu ya maji.

Dada, usinichukie. Nadhani Baba ana haki kidogo. Barua yako ni nzuri, lakini nimelitafuta humo neno "nisamehe" nikalikosa. Hata mimi hukuniambia. Jumamosi tatu nilikaa barabarani nikilingoja lile lori, kwa sababu wakubwa hawakunieleza, nikadhani umeenda kuuza kabichi. Je, huwezi kumwandikia neno lile moja?

Mdogo wako anayekupenda,
Priscilla


Voi, 6 Mei 1956

Priscilla,

Natumaini u mzima.

Nilimwomba baba yangu maji ya kinywa kimoja akanipa mahubiri. Nawe umejifunza shuleni kupima barua za watu na kutafuta makosa. Mwambie mzee wa kanisa kwamba nimesikia. Nina tumbo la kulea, na daktari amesema nisisumbuke. Kwa hiyo usiniandikie tena mpaka nitakapokuandikia mimi.

Dada yako,
Lois


Shuleni, Milima ya Taita
Jumapili, 17 Juni 1956

Dada yangu,

Ulisema nisiandike. Nimevumilia wiki sita, na leo nimeshindwa. Sitakuomba kitu. Hujambo? Miguu haijavimba? Kimeu anakuchotea maji?

Nisamehe kwa barua ile. Nilisema kweli, lakini niliisema kama ninayesahihisha daftari la mtu. Mwalimu wetu wa Maandiko anasema kuna kweli inayopiga na kweli inayobeba. Mimi nilikupiga, nawe ulikuwa na mzigo.

Nina habari moja ya kukuchekesha. Mwalimu Fanuel alikuja hapa kusimamia mtihani. Aliniita pembeni nikaogopa, nikajua ni mambo yako. Akasema, "Ukimwandikia dada yako, mpe salamu. Mwambie hata mimi sikuulizwa vizuri. Wazee walinikuta nimeshapatana na Mable." Wameoana, Dada, wana mapacha. Akasema alipokuta umeondoka alikwenda nyuma ya ghala akamshukuru Mungu, halafu akatubu kwa kushukuru. Aliponiambia hivyo tulicheka wote wawili, na machozi yakanitoka.

Ninakuombea kila siku kengele ya saa sita ikilia. Usijibu kama hutaki.

Mdogo wako,
Priscilla


Nyumba za Reli, Voi
Jumapili, 15 Julai 1956

Mdogo wangu Priscilla,

Hujambo huko kwenye baridi? Mimi sijambo, na nyumba yetu sasa ina mtu wa tatu. Amezaliwa Jumanne ya tarehe tatu, msichana, mzima, mwenye nywele nyingi na sauti ya kuamsha stesheni. Kwa desturi yao ameitwa Mbula, jina la bibi yake. Bibi mwenyewe hatembei tena, anaelea. Kimeu alipoitwa alikuja mbio na bendera yake ya kijani mkononi, na majirani wamemtania wiki nzima, wanamwuliza kama mtoto alihitaji kuruhusiwa kupita.

Sikukujibu, na nilijua unangoja. Nisamehe. Barua zako zote ninazo.

Sasa yafuatayo umsomee Baba. Tafadhali usirekebishe chochote.

Baba yangu,

Shikamoo. Mtoto amezaliwa salama. Hukutasa, na amezaliwa salama. Wiki ya kwanza nilifurahi kwa kiburi, nikasema, basi sikumhitaji. Halafu siku moja ninamwogesha, maji yakamwingia puani, akanitazama kama mtu aliyesalitiwa. Nikakukumbuka wewe umesimama na ile karatasi, jinsi Priscilla alivyonisimulia. Nikaketi chini na mtoto mwenye sabuni mapajani.

Baba, uliponiuliza jikoni kama nimekubali, niliinamisha kichwa nikanyamaza. Kwetu msichana akiinama akanyamaza, amesema ndiyo. Mimi nilijua hivyo. Moyoni nilikuwa nimeshasema hapana, kwa kuwa nilikuwa nimeshamfahamu Kimeu kwenye safari za mboga. Lakini niliogopa, nikakuacha usikie ndiyo. Nikaketi kanisani Jumapili ya kwanza nikakusikia ukisoma jina langu kwa furaha. Nikaketi Jumapili ya pili. Ningeweza kukuambia siku yoyote kati ya hizo, jikoni, shambani, popote. Nilikuacha usimame peke yako.

Kuolewa na Kimeu sikujutii, na sitakudanganya kwamba ninajuta. Ninajutia ule ukimya. Nimeutubu mbele za Mungu na sasa nautubu mbele yako. Zamani niliandika kwa sababu nilitaka kitu kwako. Sasa mtoto ninaye, na sina ninachokuomba. Usitase, usije, usitume kitu kama huwezi. Nilitaka tu ujue kwamba ninajua nilichokufanyia. Nisamehe, Baba.

Na kama kuna hasira ndani yangu, nami nilikuwa nayo, nimeiacha.

Binti yako,
Lois

Basi, Priscilla. Soma polepole. Yeye husikia kwa shida sikio la kushoto.

Dada yako,
Lois


Nyumbani, Mwanda
Jumapili, 12 Agosti 1956

Dada yangu mpendwa,

Mbula hajambo? Analala? Mama mkwe ameshatua chini, au bado anaelea? Sisi wote ni wazima, na leo naweza kusema Baba ni mzima bila kuongeza neno.

Shule ilifungwa Ijumaa ya tarehe tatu. Barua yako niliitunza wiki mbili ndani ya kitabu changu cha nyimbo, kwa sababu nilitaka aisikie kwa mdomo wangu. Jumamosi mchana nilimsomea, upande wa sikio la kulia. Nilisoma polepole. Nikafika mwisho. Aliniomba karatasi, akaitazama muda mrefu, ingawa miwani yake ilikuwa ndani. Halafu akaenda kukata majani ya ng'ombe, na akakata mengi kuliko tunayohitaji.

Jumapili asubuhi tulikuwa na sala ya nyumbani kama kawaida kabla ya kwenda kanisani. Baba husali kwa mpangilio ule ule, unaukumbuka: wagonjwa, mvua, wachungaji, shule, wasafiri. Akafika kwa wasafiri. Kila siku anapofika hapo husema "na wote walio mbali" akamaliza. Jumapili ile alisema, "na Lois."

Nyanya akafumbua macho. Mimi pia nikafumbua, Mungu anisamehe. Baba alijaribu kuendelea, sauti ikakataa. Akachukua kikombe cha maji kilichokuwa mezani, akajaza kinywa, na kabla hajameza akarudiwa na kilio. Akapaliwa. Maji yote yakatoka kwa nguvu, yakatunyeshea, mimi, Nyanya, meza, na kitabu cha sala. Alikohoa mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi alikuwa akisema, "Itoke, Bwana, itoke yote, mtoto wangu awe na amani."

Nyanya alijipangusa uso kwa upande wa leso, akasema kwa utulivu kabisa, "Imetoka."

"Mama, nimepaliwa," Baba akasema.

"Ndiyo, mwanangu. Hata marehemu baba yako alikuwa anapaliwa hivyo hivyo."

Baba akamtazama. Nikaona anataka kumkemea, na nikaona kicheko kinamshinda. Alicheka akilia. Sijamsikia akicheka hivyo tangu uondoke. Nimeahidi kusema kweli, na kweli ni kwamba sijui niliyoyaona ni kutasa au ni kupaliwa. Nilimwuliza njiani. Akasema, "Mimi nilikuwa nasali. Maji yalifanya yao."

Kanisani alisoma matangazo. Halafu Meza ikaandaliwa. Mimi nilikuwa nimeushika ubao wa benchi kwa mikono miwili. Alisimama. Akauangalia mlango wa pembeni, na mlinzi wa mlango, aliyezoea, akamfungulia. Baba akamtikisia kichwa. Akaenda mbele, akapiga magoti mwisho wa safu, na mchungaji alipofika kwake alisimama kidogo kabla ya kumpa, kama mtu anayehakikisha anaona vizuri. Wazee wawili nyuma yangu walikuwa wanapenga pua.

Amesema nikuambie hivi: amekusamehe. Naye anakuomba umsamehe kwa miaka hii ambayo hakukuita kwa jina. Amesema pia kwamba alikuuliza swali lile jikoni huku wageni wa posa wamekwisha kuketi sebuleni, na msichana hawezi kukataa wageni wakisikia, na hilo alilijua yeye pia.

Jumamosi ya tarehe ishirini na tano atashuka na lori la mboga, na amekubali nifuatane naye. Nyanya anasema goti halitaki, lakini ameshafunga nguo zake kwenye kikapu, kwa hiyo huenda tukawa watatu. Nimeanza kuhesabu siku. Najaribu kuukumbuka uso wako, na naukumbuka nikiwa nimebeba debe kichwani nawe uko mbele yangu, unageuka kuniangalia.

Mimi mdogo wako,
Priscilla

Nilikuwa nimeshaikunja barua, na Baba amesimama nyuma yangu anasema niifungue. Tangu Jumatatu kuna jambo linamsumbua, amenitajia mara tatu. Hajawahi kufika nyumba ya mkwe, na desturi ya Wakamba haijui. Hataki kumkosea Kimeu mlangoni kwake. Mjibu kupitia dereva huyu huyu wa lori anayekuletea barua, asirudi bila jibu: tukifika Voi, Baba apige hodi mwenyewe, au asimame nje angoje mpaka mwenye nyumba amkaribishe?